Asili na Kiasi: Ni Wangapi Wanatumia Mfumo Upi wa Kompyuta?

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanachama katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanachama wenzangu, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma mkisikia harufu ya pilau na kuomba msemaji awe mfupi:

Katibu wa chama aliniomba nizungumze juu ya jambo la kompyuta litakalomfaa mzee aliyemaliza hapa kabla kompyuta hazijafika, na pia kijana wa kidato cha pili. Nimechagua swali ambalo kwa juu juu ni dogo. Katika mifumo ya kompyuta inayoshindana duniani, ni upi unaotumiwa na watu wengi zaidi, na hao wanaotuambia wamejuaje? Nimelichagua kwa sababu katika utumishi wa serikali nimeona maamuzi ya fedha nyingi yakisimama juu ya jibu la swali hili, na jibu lenyewe limeokotwa tu, hakuna aliyeuliza lilikotoka.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamka kwanza unapowasha kompyuta au simu, na ndiyo inayozitawala programu nyingine zote. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayosoma diski, na inayopokea herufi unazobonyeza. Apple walitoa Macintosh na mfumo wake mwaka 1984. Windows ya Microsoft ilianza kuuzwa mwaka 1985. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Ufini, naye akaiweka wazi ili wengine waichukue na kuirekebisha. Mwaka 2007 ikaja iPhone, na mwaka 2008 ikauzwa simu ya kwanza yenye Android, mfumo ambao leo unaendesha simu nyingi zilizomo mifukoni mwenu.

Sasa, nyote mlifundishwa hesabu za sehemu. Sehemu ina namba mbili: juu ni kiasi, chini ni asili. Asilimia nayo ni sehemu, ila asili yake imefichwa ndani ya neno lenyewe. Watu wakibishana kwamba mfumo fulani una asilimia sabini na mwingine una nne, hubishania kiasi. Ni wachache wanaouliza: sabini katika mia ya nini? Ya mashine zilizouzwa? Ya watu? Ya kurasa zilizofunguliwa? Leo nataka tuizungumzie hiyo asili, kwa maana ndiyo inayoamua nani amehesabiwa na nani ameachwa nje.

Ziko njia nne kubwa za kukadiria, na kila moja ina asili yake.

Njia ya kwanza ni kuhesabu mashine zilizouzwa. Kampuni za uchunguzi wa masoko hukusanya hesabu za kompyuta zilizotoka viwandani, na kila iliyotoka ikiwa na Windows huandikwa kuwa ni ya Windows. Hesabu hii ni nzuri kwa mfanyabiashara. Lakini mtu akinunua kompyuta hiyo, akafuta Windows na kuweka Linux aliyoipata bure, hakuna risiti itakayosema hivyo. Fikirieni pia mitumba yetu. Kompyuta iliyouzwa Ulaya mwaka 2012 ilihesabiwa huko huko. Ikifika Kariakoo, ikasafishwa na kuuzwa tena, haionekani katika daftari lolote la mauzo ya viwanda, ingawa huenda ikafanya kazi miaka kumi mingine. Kwa hiyo asili ya njia hii ni mashine mpya zilizonunuliwa. Sisi tunaotumia za zamani hatumo.

Njia ya pili ni kuwaomba watumiaji wajiandikishe wenyewe. Mwaka 1993 Harald Alvestrand wa Norway alianzisha daftari lililoitwa Linux Counter, ambamo kila mtumiaji wa Linux aliombwa kuandika jina lake. Kazi hiyo iliendelea kwa robo ya karne hadi ilipofungwa mwaka 2018. Ilikuwa kazi ya kujitolea yenye nia njema, lakini tazameni udhaifu wake. Anayejiandikisha ni yule mwenye mapenzi na mwenye habari. Ni sawa na kutaka kujua hali ya wanafunzi wote waliopita shule hii kwa kuwahesabu waliofika leo. Tukifanya hivyo tutagundua kwamba kila aliyesoma hapa ana nauli, ana afya, na hakugombana na Katibu.

Njia ya tatu ni kumsikiliza mtengenezaji. Mifumo ya siku hizi hupiga ripoti nyumbani mara kwa mara ili kupokea marekebisho, na mwenye kampuni anaweza kuhesabu ripoti hizo. Machi 2020 Microsoft walitangaza kwamba Windows 10 inafanya kazi katika vifaa bilioni moja. Mei 2021 Google walitangaza kwamba vifaa vya Android vinavyotumika ni bilioni tatu. Hizi ni hesabu za karibu zaidi na ukweli, lakini zina mambo mawili. Kwanza, anayehesabu ndiye anayeuza, naye huchagua siku ya kutangaza na siku ya kunyamaza. Pili, ni hesabu ya vifaa, si ya watu. Jambo hili la pili tunalijua vizuri hapa nyumbani. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Ilipofika mwisho wa mwaka 2024, laini za simu katika takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano zilikuwa zimezidi milioni 80. Je, kila mtoto mchanga alikuwa na laini? La hasha. Mtu mmoja ana laini mbili au tatu, na jirani yake hana hata moja. Ukigawanya laini kwa watu unapata zaidi ya moja kwa kila mtu, nawe unaweza kulala usingizi ukidhani kazi imekwisha.

Njia ya nne ndiyo inayonukuliwa zaidi magazetini, na ndiyo nitakayokaa nayo kwa muda. Ni kuhesabu wageni wa tovuti. Kila mara kivinjari chako, yaani ile programu inayofungua kurasa za intaneti, kinapoomba ukurasa, hutanguliza maneno machache ya kujitambulisha: mimi ni kivinjari fulani, nimetoka katika mfumo fulani. Kampuni ya StatCounter, yenye makao Dublin, Ireland, imeweka kihesabio chake katika tovuti zaidi ya milioni moja, na kila mwezi hutoa asilimia za dunia nzima na za kila nchi. Ni wao waliotangaza kwamba Machi 2017 Android iliipita Windows kwa mara ya kwanza katika matumizi ya intaneti duniani, kwa asilimia 37.93 dhidi ya 37.91. Tofauti ya vipande viwili vya mia vya asilimia! Hata hivyo mwelekeo ulikuwa wa kweli, na miaka iliyofuata iliuthibitisha.

Lakini StatCounter huhesabu kurasa zilizofunguliwa. Kampuni nyingine, Net Applications ya Marekani, iliyofunga takwimu zake mwaka 2020, ilihesabu wageni, kila mmoja mara moja kwa siku, kisha ikarekebisha hesabu kulingana na idadi ya watumiaji wa intaneti wa kila nchi. Mei 2012 kampuni hizo mbili ziliulizwa swali moja kuhusu vivinjari. Ya kwanza ikasema Chrome ya Google imeipita Internet Explorer ya Microsoft. Ya pili ikasema Internet Explorer ina zaidi ya nusu ya dunia. Mfano huu ni wa vivinjari, si wa mifumo endeshi, lakini mizani ni ile ile. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa na asili yake.

Ili vijana wasidhani haya ni mambo ya Ulaya tu, tufanye hesabu ya mfano. Chukueni kijiji cha kubuni chenye watu wazima mia moja. Sitini wana vitochi, yaani simu ndogo zisizofungua kurasa za intaneti. Thelathini wana simu janja za Android. Wanne wana iPhone. Sita wana kompyuta za Windows. Mwenye kompyuta anakaa ofisini na kufungua kurasa 50 kwa siku. Mwenye Android ananunua bando la kupimia, kwa hiyo anafungua kurasa 6. Mwenye iPhone anafungua 30.

Hesabuni nami. Windows ni kurasa 300, Android ni 180, iPhone ni 120, jumla 600. Anayehesabu kurasa atasema: Windows asilimia 50, Android 30, iPhone 20. Anayehesabu wageni atapata watu 40, naye atasema: Windows asilimia 15, Android 75, iPhone 10. Anayehesabu wanakijiji atasema: Windows asilimia 6, Android 30, iPhone 4, na asilimia 60 hawamo kabisa katika ripoti mbili za kwanza. Kijiji ni kimoja na siku ni moja. Windows ina 50, au 15, au 6, na namba zote tatu ni sahihi.

Sasa mpeni ripoti ya kwanza ofisa anayetaka kutengeneza fomu ya maombi ya mbolea. Ataona kwamba nusu ya matumizi ni ya kompyuta, naye ataagiza fomu itengenezwe kwa ajili ya kioo kikubwa cha kompyuta. Wenye Android watajaribu, kurasa zitagoma, nao watachoka. Tuseme kurasa zao zinashuka kutoka 180 hadi 60. Mwaka ujao ripoti itasema Windows imepanda hadi asilimia 62.5, ingawa hakuna kompyuta hata moja iliyoongezeka kijijini. Ofisa atafurahi kwamba aliona mbali. Hapa ndipo hatari ilipo, ndugu zangu. Aliyeshindwa kuingia mlangoni hahesabiwi kuwa mgeni, na kadiri mlango unavyozidi kuwa mwembamba ndivyo hesabu inavyozidi kumsifu fundi aliyeujenga.

Na wale sitini wenye vitochi? Msidhani wako nje ya dunia ya kompyuta. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mtu mwenye kitochi hubonyeza nyota, namba na reli, akatuma fedha, akalipa ada ya mwanawe. Nyuma ya kitendo hicho zipo seva kubwa zinazofanya kazi usiku na mchana. Lakini kwa kuwa hakufungua ukurasa, kihesabio cha tovuti hakimjui. Mtumishi wa umma anayepanga huduma kwa kutazama asilimia za wageni wa tovuti peke yake amemwacha mama huyu njiani, tena amemwacha kwa takwimu.

Zipo kasoro nyingine mbili za njia hii ya nne, nazo nitazitaja kwa ufupi.

Ya kwanza ni kwamba lile neno la kujitambulisha halisemi kweli daima. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, lakini vivinjari vyake huendelea kujitaja kwa namba ile ile ya Windows 10, na anayetaka kuzitofautisha inambidi aulize kwa njia nyingine. Tangu 2019 kompyuta bapa za iPad hujitambulisha kwa tovuti kana kwamba ni Macintosh za mezani. Yamefanywa hivyo kwa sababu za kiufundi, ili tovuti za zamani zisichanganyikiwe, lakini mhesabu asiyejua hayo atahesabu jina badala ya kitu.

Ya pili ni kuhesabiwa mara mbili. Kampuni ya Valve ya Marekani, inayouza michezo ya kompyuta, hufanya uchunguzi wa kila mwezi juu ya mashine za wateja wake. Katika miezi ya mwisho ya 2017 uchunguzi huo ulionyesha wateja wa Kichina na Windows 7 vikipanda ghafla mno, hata watu wakaanza kuandika kwamba Windows 10 inakimbiwa. Mwaka 2018 kampuni ilitoa maelezo. Vibanda vya intaneti vilikuwa na namna yao ya kutunza mashine iliyofanya wateja wao wahesabiwe kupita idadi yao, na hali hiyo ilikuwa imedumu miezi saba. Wale kati yetu waliowahi kupanga foleni katika intaneti kafe mnaelewa: kiti ni kimoja, wakaaji ni wengi.

Kabla sijamaliza sehemu hii, niseme neno juu ya jina lenyewe la kitu kinachohesabiwa. Mwanzoni mwa 2024 StatCounter ilionyesha kwamba Linux imefika asilimia 4 ya kompyuta za mezani na za kupakata. Wapenzi wake walishangilia. Lakini kiini cha Android ni Linux hiyo hiyo. ChromeOS, ambayo huwekewa safu yake peke yake, nayo imejengwa juu ya Linux. Na tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 katika orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Basi, Linux inatumiwa na watu wangapi? Wachache sana, au karibu wote? Jibu linategemea umeliita nini Linux, na umetazama mezani, mfukoni, au katika chumba cha seva.

Huenda mzee mmoja hapa anasema moyoni: haya ni mabishano ya mafundi, yananihusu nini? Nitajibu kwa tukio la kweli. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa duniani, kikifunga mafaili na kudai fidia. Uingereza, hospitali zilipata taabu kubwa. Mkaguzi mkuu wa hesabu wa nchi hiyo alieleza baadaye kwamba taasisi za afya zisizopungua 80 kati ya 236 za England ziliathirika, na wagonjwa wengi waliahirishiwa miadi. Wengi walikimbilia kusema kosa ni la Windows XP, mfumo uliozeeka ambao Microsoft walikuwa wameacha kuuhudumia tangu 2014. Ndipo kampuni ya Kaspersky ikatoa hesabu zake: zaidi ya asilimia 98 ya kompyuta ilizoziona zimeambukizwa zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati ule ulikuwa bado unahudumiwa, na dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Machi mwaka huo. Kumbe tatizo kubwa halikuwa uzee wa mfumo, bali kutoweka dawa iliyokuwapo. Na hata hiyo 98, kama mlivyokwisha kujifunza, ina asili yake: ni kompyuta zilizokuwa na kinga ya kampuni ile. Hata hivyo ilitosha kuwaelekeza watu mahali pa kutazama.

Jambo hilo halikuishia Uingereza. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 10. Kila ofisi, kila zahanati, kila maabara ya shule yenye kompyuta za mfumo huo ilipaswa kujua inazo ngapi, na zipi zinaweza kupandishwa. Kwa swali hili asilimia za dunia hazisaidii hata kidogo. Ukitaka kujua idadi ya ng'ombe wako, hutazami takwimu za mifugo za Afrika. Unakwenda zizini.

Basi ninawaachia maswali manne ya kumuuliza mtu yeyote anayekuletea asilimia, iwe ya mifumo endeshi, ya kura za maoni, au ya wasikilizaji wa redio. Umehesabu nini: watu, vifaa, mauzo, au kurasa? Umehesabia wapi, na ni nani asiyeweza kufika hapo? Je, aliyehesabiwa amejitaja kwa jina lake la kweli, na mara moja tu? Na nani alilipa gharama za kuhesabu? Asiyeweza kujibu maswali haya hana takwimu, ana uvumi wenye nukta ya desimali.

Kwenu vijana, nina ombi moja, na Mkuu wa Shule aniwie radhi kwa kuwapa kazi bila ruhusa yake. Hesabuni kompyuta za shule hii, moja baada ya moja, mkiandika mfumo na toleo lake. Kisha waulizeni wanafunzi wote, wa bweni na wa kutwa, kila mmoja nyumbani kwao kuna kifaa gani, na msimsahau ambaye kwao hakuna kitu. Chapisheni majibu katika toleo lijalo la gazeti hili, mkionyesha kiasi na asili. Itakuwa kazi ndogo, lakini itakuwa hesabu ya kweli. Nasi wa chama, tukitaka kuchangia maabara, tutajua tunachangia nini na kwa ajili ya nani.

Na kama miongoni mwenu yupo atakayekuja kukaa kwenye meza ya serikali, namwomba akumbuke kwamba wananchi wengi atakaowahudumia hawatatokea kwenye ripoti itakayowekwa mbele yake. Aulize habari zao kabla hajatia sahihi.

Ndugu Mwenyekiti, pilau haisubiri.